Baba, Nimebadilisha Difu

Mugumu,
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia umeanza tena kuteremka kwenye migomba bila fimbo, na nilipotaka kusikia zaidi ukamnyang'anya simu. Mimi ni mzima. Mvua huku zinanyesha vizuri, ng'ombe wamenenepa, na ugali wa mtama nimeuzoea mpaka wali nauona chakula cha mgonjwa. Naandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati.

Baba, nimebadilisha difu ya pikapu yako. Na hafu shafti zote mbili, zile nondo zinazozungusha matairi ya nyuma. Tafadhali kaa, usome mpaka mwisho.

Mvua zilipoanza nilikuwa natoka Nyansurura kwenda Kenyamonta, nimebeba deli la barafu lenye chanjo ya chambavu, ule ugonjwa unaoua ndama wanono ghafla. Watu walikuwa wamekusanya mifugo tangu asubuhi. Kwenye korongo gari likateleza, tairi la nyuma la kushoto likazama kwenye tope. Unaijua difu ile, kazi yake kugawia matairi ya nyuma nguvu ya injini: nguvu yote ikaenda kwenye tairi linalozunguka bure, la kulia limetulia tu kama halihusiki. Nikakanyaga mafuta zaidi. Najua, ulinikataza. Tairi likang'ata jiwe ghafla, nikasikia "pa!" chini yangu. Injini inanguruma, propela inayopeleka nguvu nyuma inazunguka, gari halisogei. Shafti imekatika.

Mama mmoja mjane, Bhoke, alikuwa anaelekea huko huko kwenye chanjo. Akanikuta nimeegemea mlango, machozi yananitoka.

"Dawa iko wapi?"

"Kwenye deli. Barafu ikiyeyuka, haifai tena."

"Sasa unalilia gari?" Akajitwika deli kichwani, akatangulia.

Tulipokezana zaidi ya saa nzima, naye akinicheka kila niliposimama kupumua. Tulifika barafu ingalipo, lakini nusu ya watu walikuwa wameshaondoka. Mzee Mwita alikuwa mmoja wao. Aliswaga ng'ombe wake akarudi nao, akiamini siji tena. Kabla mwezi haujaisha akapoteza ndama wanne. Nilipokwenda kumpa pole hakunilaumu. "Gari lilikatika, daktari," alisema. "Wewe hukukatika. Ulikuja." Baba, afadhali angenitukana.

Gari lilivutwa mpaka hapa Mugumu kwa Mzee Shabani, fundi ambaye baba yake alitokea Tanga. Nilitaka anifungie shafti nyingine kama ile ile, basi. Akagoma. "Nitaifunga leo na utaikata tena, binti yangu. Njia unazopita si za difu hii." Akanitafutia difu kubwa zaidi, yenye loki: ukibonyeza swichi, matairi yote mawili ya nyuma yanazunguka pamoja. Nikadhani tumemaliza. Akatikisa kichwa. Ukiweka difu yenye nguvu ukaacha shafti nyembamba, alisema, umehamisha tu mahali pa kukatikia. Kwa hiyo tukatafuta na shafti nene. Za kwanza zilipofika tukahesabu meno ya kwenye ncha, yakapungua mawili, zikarudishwa. Siku zote hizo nilipanda bodaboda nimepakata deli mapajani. Mwishowe zikapatikana zinazoingia sawasawa, propela nayo ikafupishwa kidogo na kusawazishwa isije ikatetemeka.

Halafu Mzee Shabani akafungua difu yako ya zamani, akaangua kicheko.

"Ulisema haijaguswa tangu kiwandani?"

"Baba yangu ameapa hivyo miaka yote."

Akanionyesha pakini, ile karatasi ya kuzuia oili isivuje. Ilikatwa kwa mkono kutoka kwenye jalada la daftari, na upande mmoja jedwali la kuzidisha bado linasomeka: saba mara nane. Baba! Ndiyo maana jalada la daftari langu la hesabu lilipotea, nikachapwa shuleni! Nilicheka hadi nikakaa chini. Lakini mzee aliipapasa ile pakini akasema, "Aliyekata hii ana mkono mtulivu." Nimekuletea sifa zako kama zilivyo.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye korongo lile, mvua imetoka kunyesha. Bhoke alikaa pembeni yangu na deli mapajani, amekataa kabisa liwekwe nyuma. Nikasimama, nikafunga loki, nikaingia taratibu. Tairi la kushoto likateleza, la kulia likashika, na gari likapanda polepole kama maksai kwenye jembe. Bhoke alipiga kigelegele nusura nizime injini. Tulipofika pakavu nikafungua loki, maana Mzee Shabani ameniapisha nisikate kona nayo kwenye ardhi ngumu.

Mzee Mwita alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Ng'ombe wake walipokwisha kuchanjwa akalala chini na koti lake zuri, akachungulia uvungu wa gari.

"Hizi hazikatiki?"

"Zitakatika siku moja, mzee. Lakini si kwa korongo hili."

Akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Sasa jambo ambalo nimelizungukia tangu nianze kuandika. Ile barua yangu ya kuomba uhamisho nije karibu nanyi, nimeiondoa ofisini. Najua Mama ameshakipaka rangi chumba changu. Mniwie radhi, sijawakimbia. Siku uliponipa funguo za pikapu ulisema likinishinda nirudi nyumbani. Halijanishinda, Baba.

Mpe Mama salamu, na umwambie kile chumba alale shangazi anapokuja kliniki. Kaka yangu mkubwa mwambie nimepokea picha ya mtoto, ana masikio yako. Mvua zikipungua njooni wote wawili, Bhoke ameshachagua jogoo. Usukani nitakuachia, ila korongoni nitaendesha mimi.

Binti yako akupendaye,
Atupele