Nimetwanga sombe na bega yangu

Yaya Esperansi, jambo sana huko Lubondja! Salimia bote banaolala ku nyumba yako.

Ile bega iliyonikataza hata kufunga kitambala yangu ya kichwa, sasa inanitii. Unakumbuka vile nilikuwa naipakaa mafuta ya mawese na kulala? Nikirudi ku shamba, inakauka tena kama ngozi ya mbuzi ku jua. Muganga wa kine wa hapa Baraka, ule wa kunyoosha viungo, alicheka: «Mama, musuli yako imelala. Haiombe kitanda, inaomba kazi, pole pole.» Basi kila asubuhi napandisha vidole ku ukuta, kisha nanyanyua bidon ndogo ya maji mupaka jasho inatoka.

Leo mama mwenye kunipokea alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikashika muti wa pili wa kutwangia bila kuombwa. Unajua mambo ya batu babili ku kinu moja: ukichelewa kidogo, miti inagongana na majirani banasikia. Yaya, haikugongana! Ni yeye alisema tupumzike. Ile sombe tulikula na samaki ya ndagala ya leo leo, na sikuona haya kuomba tena.

Narudi siku ya posho. Kesho yake, siku ya yenga, mbele ya kwenda kanisani, usije kunifunga kitambala kama kila mara. Weye ikaa ku kiti, utulie. Mi ndiye nitakufunga yako.

Mudogo wako, Furaha