Severin Eti Alijifunza Mwenyewe

Susan, uko hapo? Nimetoka Bloomington kwenye shoo ya bendi ya Severin.

Kila mmoja alieleza alikotoa muziki wake. Mpiga dramu, jeshini. Mwimbaji, kwaya ya baba yake. Severin akashika maiki: "Mimi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe."

Mwenyewe!! Winta mbili za baridi nimemfundisha kupiga gitaa la bluzi jikoni kwangu Fridley, narudisha kaseti nyuma mpaka chai inapoa!

Na mimi nimekaa mbele pale. Hata kuniangalia hakuniangalia.

Mwenyewe, Susan!

Wimbo wa pili nyuzi za gitaa lake zikalegea. Si unajua hajui kuzikaza, siku zote namkazia mimi? Akainama jukwaani, akaninyooshea gitaa: "Dada, nisaidie."

Nikamwambia, "Kaza mwenyewe."