Mapazia ya Kijani

Jumamosi, 12 Agosti

Tumeondoka! Mimi na Serhat wangu — na mama yake, na baba yake, na mdogo wake Gülriz, na matikiti maji ambayo baba mkwe kayanunua kana kwamba tunahamia kisiwa kisicho na watu. Hii ndiyo fungate yetu. Basi nina mume, nina bahari, nilalamike nini?

Boti ni ya mbao, nyeupe, kuukuu. Baba mkwe aliirithi kwa mjomba wake, akaibandika jina la mkewe: Müzeyyen. Kwa hiyo kutwa nzima nasikia Müzeyyen leo kaamka vibaya, Müzeyyen anakunywa mafuta sana, Müzeyyen anavuja kidogo upande wa kushoto. Mama mkwe amezoea. Anakata nyanya tu.

Tulipoachia gati alikwenda nyuma na bilauri ya maji akayamwaga baharini, ili twende na kurudi kwa wepesi kama maji. Nyumbani Muğla huwa anayamwaga nyuma ya gari. Baba mkwe akamwambia, "Müzeyyen, bahari haijapungukiwa." Akajibiwa kwamba maji ya bahari ni ya samaki, haya ya bilauri ndiyo ya dua.

Sisi wawili tumepewa chumba cha mbele. Matikiti nayo yamepewa chumba cha mbele. Serhat analala upande ule, mimi upande huu, na katikati tikiti moja kubwa. Alinishika mkono juu ya tikiti. Sijawahi kuwa na raha kama hii!

Sasa siri. Hapa tu naweza kuiandika. Wizara imempangia Serhat kufundisha hisabati Kars. Kars! Mwisho kabisa wa nchi, theluji mpaka madirishani. Nyumba tumeshaipata kwa simu — vyumba viwili, na jiko dogo. Jiko langu! Mwisho wa mwezi tunahama. Na mama mkwe hajui. Yeye anajua tutakaa ghorofa ya juu, juu ya kichwa chake. Kuta kashapaka rangi. Makochi kashanunua, bado yamevaa nailoni. Serhat ameniapia kwamba atamwambia humu humu botini, mahali ambapo mama hawezi kufunga mlango na kulia peke yake.

Kesho, kwenye chai ya asubuhi.

Jumapili, 13 Agosti

Hakumwambia.

Alianza vizuri. Aliweka bilauri ya chai chini, akasafisha koo, akasema, "Mama, mimi na Nesrin tuna jambo kuhusu nyumba." Moyo wangu ukapiga kuliko injini. Mama mkwe akafurahi kupita kiasi. Akasema naye alikuwa na jambo hilo hilo: mapazia ya sebuleni, yawe ya rangi ya maziwa au ya kijani?

Serhat akanitazama. Akaitazama bahari. Akasema, "Ya kijani."

Ya kijani! Gülriz, ambaye ana miaka kumi na sita na ulimi wa miaka sitini, akasema kaka yake, hata leo mama akitaka kumwogesha, atauliza tu ni kwa sabuni gani. Mama mkwe hakusikia. Alikuwa ameshachukua simu anampigia fundi cherehani.

Baadaye nilimfuata Serhat kule nyuma. Sikumgombeza. Nitamgombezaje mtu mwenye kope kama zile? Kasema kesho bila shaka.

Jumatatu, 14 Agosti

Leo tumeingia hori dogo ambalo misonobari inashuka mpaka majini, yaani unaweza kukaa kivulini ukiwa unaogelea. Maji ya buluu kiasi kwamba nilitia mkono nione kama utatoka na rangi.

Huku boti hufungwa hivi: nanga inaachiwa mbele, kisha mtu anaogelea na kamba ya nyuma mpaka ufukweni aifunge kwenye mti. Mtu huyo ni Serhat. Aliruka na kamba meno­ni! Mabega yale! Baba mkwe akiwa kwenye usukani anampigia kelele: si mti huo, ule mwingine, ule mwingine ni huo wa kwanza, basi rudi pale pale. Serhat akaifunga kwa fundo zuri, akageuka, akanipungia. Nikapiga makofi. Mimi peke yangu. Gülriz akasema, "Wifi, kafunga kamba tu, hajaleta maji mjini."

Jambo letu: hapana. Alikuwa amechoka na kuogelea.

Jumanne, 15 Agosti

Nusura. Alifika mpaka, "Mama, walimu wapya wakati mwingine hupelekwa..." Mama mkwe akamkatiza kwa kisa cha jirani yao ambaye mwanawe alihamia Ujerumani: presha ilimpanda, akalala kitandani majira mazima ya baridi, na mwana akawa anatuma chokoleti. Chokoleti, mama mkwe akarudia, akitikisa kichwa. Serhat akaomba chai nyingine.

Nimekasirika kwa dakika tano hivi. Kisha akanichumia kijitawi cha mzeituni mwitu akaniwekea nyuma ya sikio.

Jumatano, 16 Agosti

Siku gani hii! Viganja vyangu vina malengelenge, lakini lazima niandike.

Adhuhuri upepo ulivuma, ikaingia boti nyingine, kubwa kidogo, ikatia nanga kando yetu. Baba mkwe akaiangalia kama mtu anayeangalia mgeni akikalia kiti chake. Alasiri tukataka kuondoka. Nanga ikavutwa, ikagoma, ikavutwa tena — ikaja juu na nanga ya wenzetu, minyororo miwili imekumbatiana kama mimi na Serhat siku ya harusi.

Baba mkwe akasema wao ndio wametupa juu yetu. Nahodha wa kule, Bwana Orhan, mstaafu wa benki mwenye kofia nyeupe, akasema sisi ndio tumekaa chini yao. Wakabishana boti kwa boti mpaka chai ikaiva, halafu wakabishana na chai. Wakakubaliana jambo moja tu: kwa upepo huu minyororo haiguswi.

Mama mkwe akasema, aliyefungwa nasi kwa mnyororo ni jirani, na jirani hupelekewa sahani. Akajaza sahani ya majani ya mzabibu yenye wali ndani. Serhat anashikilia kamba, Gülriz kalala, kwa hiyo mpiga makasia wa kiboti kidogo ni mimi. Mke wa Bwana Orhan, Bi Handan, akanipokea kama mwanawe. Lakini sahani ya mtu hairudi tupu, sivyo? Akaijaza tini. Nikarudi. Mama mkwe akasema na sahani yao je, ile iliyofunika tini, tutairudishaje tupu? Akaijaza biringanya za kukaanga. Nikaenda. Ikarudi na jamu ya lozi. Nikaenda na keki ya jana. Ikarudi na jibini. Kufikia jioni hakuna aliyejua sahani ipi ya nani, na mimi nimevuka lile hori mara nyingi kuliko samaki.

Bi Handan ni mpole ajabu. Safari ya mwisho akaniuliza tunatoka wapi. Muğla, nikasema. Mume wangu anafanya kazi gani? Mwalimu, nikasema, wa hisabati, ndiyo kwanza anaanza. Anaitwa nani? Serhat, nikasema, na pengine nilisema kwa namna fulani, maana alinikazia macho, kisha akatabasamu polepole, akanishika shavu. Aliona mapenzi yetu! Watu wengine wana macho ya kuona.

Akasema kesho asubuhi atakuja mwenyewe kunywa kahawa na mama mkwe.

Alhamisi, 17 Agosti

Upepo umetulia. Serhat na Bwana Orhan walipiga mbizi, wakafumua minyororo kwa muda mfupi kuliko tulivyobishana. Wazee wawili wakaagana kwa kukumbatiana, kila mmoja akimsamehe mwenzake.

Kabla ya hapo Bi Handan alikuja kama alivyosema, wakanywa kahawa na mama mkwe kule mbele, wawili tu. Mimi nilikuwa naosha vyombo nyuma. Nilisikia kicheko. Halafu kimya. Halafu kicheko tena, lakini cha mmoja.

Tangu hapo mama mkwe ni mwingine. Hapigi simu kwa fundi. Hataji mapazia. Wakati wa chakula cha mchana akaniuliza kama nina koti zito. Nikasema lipo moja la shuleni. Akasema, "La Muğla hilo, si koti." Tulipopita kijijini kuchukua mkate akamtuma baba mkwe akanunue nyuzi nene za sufu. Baba mkwe akauliza, Agosti hii? Akatazamwa tu, akaenda.

Na sasa amekaa kivulini, jasho linamtiririka, anafuma soksi. Nene! Nikajisemea — za mtoto? Uso ukaniwaka moto. Nikamwambia Serhat chini chini, mama yako anafuma, anatarajia mjukuu. Serhat akazitazama zile soksi kwa mbali. Akasema mtoto mwenye mguu kama ule atazaliwa na ndevu.

Akaapa tena. Kesho, lolote litakalokuwa. Safari hii nikamwambia, bila kujali kope zake: kesho usiposema wewe, nasema mimi. Maana kweli, nalitaka lile jiko. Nataka kuunguza wali wangu mwenyewe, pasipo mtu wa kunusa. Lakini nikimwona pale na sindano zake, najiona mwizi.

Ijumaa, 18 Agosti

Naandika haraka, nimejificha chumbani kati ya matikiti mawili yaliyobaki. Nimesema nakuja kuchukua shali.

Baada ya chakula cha asubuhi mama mkwe mwenyewe alipika kahawa. Hilo si la kawaida. Kahawa napika mimi, ndimi bibi harusi. Kisha akasema leo atatusomea vikombe, yaani yajayo yanayoonekana kwenye mashapo ya kahawa. Tunywe, tufunike kikombe juu ya kisosi, mashapo yashuke, tungoje kipoe. Serhat alikuwa anafungua mdomo. Namjua sasa, alikuwa kweli anataka kusema. Mama yake akasema, "Kunywa kwanza, mwanangu. Utasema nikimaliza."

Akakifunua kikombe cha Serhat. Akakigeuza huku na huku juani.

"Naona njia ndefu," akasema.

Wote wanaonaga njia, Gülriz akasema. Hakuna kikombe kisicho na njia.

"Hii inapanda milima. Naona theluji. Theluji nyingi, mpaka madirishani."

Nikamtazama Serhat. Serhat akamtazama baba yake. Baba mkwe akainama ghafla kuikagua injini iliyozimwa.

"Naona nyumba. Vyumba viwili, ghorofa ya pili. Jiko dogo, bomba lake linadondoka, lakini mwenye nyumba kaahidi kulitengeneza. Mwenye nyumba ana dada. Dada yake anapenda sana majani ya mzabibu yenye wali."

Mungu wangu. Ni mimi! Mimi ndiye niliyepiga makasia! Niliipeleka siri yetu kwa mikono yangu, na nikarudi na jamu.

"Kikombe kinaona mpaka bomba?" Gülriz akauliza.

"Changu kinaona. Na hapa karibu na mpini naona mwanamume mwoga. Tangu Jumamosi ana neno mdomoni, analimeza na chai."

Serhat alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akasema, "Mama, niliogopa utalia."

Mama mkwe alikigeuza kikombe mkononi. Nikamtazama, nikaona kwamba ameshalia. Labda jana, wakati sisi tunachukua mkate. Wekundu wa macho yale haukuwa wa jua. Nilitamani kwenda kumkumbatia. Kisha akakisogeza kikombe karibu na uso, kama mtu aliyesahau kitu chini kabisa.

"Subiri. Naona basi. Mwanamke anashuka na mizigo yake."

"Nesrin," Serhat akasema, kwa sauti ndogo.

"Nesrin mwembamba. Huyu ni mnene kidogo, na kavaa soksi nzuri za sufu. Kabeba mapazia ya kijani."

Maji yakapigapiga ubavuni mwa boti.

Serhat akauliza huyo mwanamke atakaa muda gani.

"Kikombe hakisemi."

Baba mkwe akainua kichwa kutoka kwenye injini, akauliza kama nyuma ya huyo mwanamke haonekani mzee mmoja kabeba tikiti. Mama mkwe akaangalia tena, bila haraka. Akasema kuna doa pale mlangoni, lakini halijulikani kama limekaribishwa.

Halafu wote wakageuka kunitazama mimi. Kikombe changu kilikuwa bado kimefunikwa. Mama mkwe akaniambia nikiwekee pete yangu juu, kipoe upesi. Nikavua pete ya ndoa, nikaiweka pale, na nikasema ngoja nichukue shali. Jua la Agosti. Shali.

Kwa hiyo niko hapa. Najiuliza mashapo yangu yamekaaje. Vyumba viwili tu! Sebule moja. Jiko dogo — na ndani yake najiona mimi, wali umeungua, na yeye mlangoni ananusa. Na pia naona, sijui kwa nini, theluji dirishani, Serhat yuko shule, na mtu wa kunywa naye kahawa. Wiki mbili? Mpaka masika? Na zile soksi nimeziona vizuri leo asubuhi. Ni jozi mbili. Moja ni ndogo, ni ya mguu wangu hasa.

Nasikia kisosi kinagongwa. Ananiita.

"Nesrin, mwanangu, kikombe kimepoa. Njoo uketi hapa karibu yangu, tuone na wewe unasemaje."