Sikusema Mimi

Jumatatu, 4 Novemba

Hata mwandiko wangu siutambui.

Baada ya kipindi cha asubuhi nilirudi ofisi ya walimu. Watu waliokuwa wanaongea ghafla wakawa wanakoroga kahawa. Nikauliza kuna nini. Dada Chae, jirani yangu wa meza, akanivuta hadi chumba cha mashine ya kunakilia, akafunga mlango, akatoa simu. Sikiliza, akasema, na usipige kelele.

Ilikuwa sauti yangu.

Yangu! Namna ninavyovuta pumzi kabla ya kugomba. Kicheko changu cha puani. Na inasema: "Ga-on, wewe na mama yako rudini kwenu Vietnam, mkafungashe mapeasi huko. Mama mwenyewe hata kusoma hajui—" Sikuweza kufika mwisho. Nilimsukumia simu yake.

"Sikusema mimi, dada."

"Najua."

Lakini alichelewa kidogo kusema hivyo. Nimekusikia kule kuchelewa mchana kutwa.

Kibaya zaidi: hata mimi nilijiuliza. Nilikaa chooni nikipekua kichwa changu. Labda siku moja nilikuwa nimechoka? Hapana. Ga-on ni mwanafunzi wangu mwenyewe, darasa ninalolilea, msichana mpole anayekula peke yake mwisho wa meza. Mama yake katoka Vietnam kuolewa hapa Korea, mjini Naju, anafanya kazi ghala la mapeasi. Sijawahi kumtolea mtoto yule neno baya.

Chae anasema ni akili mnemba. Wanaipa sauti ya mtu, wanaandika maneno, mashine inayatamka. Wameipata wapi sauti yangu? Akaniangalia kama mtu anayeniona mjinga. Wameipata kwenye masomo yangu ya video! Nilirekodi mwenyewe, taratibu, kwa matamshi safi, yakawekwa kwenye vishikwambi vya shule nzima. Somo la matumizi mema ya mtandao.

Jumanne, 5 Novemba

Mkuu msaidizi, Bwana Tak, kaniita kabla sijavua koti.

"Mwalimu Pyo, nieleze."

Nikaeleza. Akasikiliza huku akipanga kalamu zake.

"Mimi nakuamini. Lakini wazazi hawataki kusikia habari za teknolojia. Wanataka mtu."

Grupu la wazazi linawaka tangu jana. Mzazi mmoja anasema mtoto wake aliwahi kuniona nikikunja uso. Mwingine anasema siku zote alihisi. Alihisi nini? Tangu mwaka wa shule uanze Machi wananiletea salamu na maboksi ya machungwa!

Nimeambiwa nisiingie darasani kwangu kwa sasa. "Kwa sasa" — hakusema mpaka lini. Nikauliza, si tunaweza kutafuta aliyetengeneza? Akasema watu wa vishikwambi wameulizwa, itachukua muda, na huenda ilitengenezwa kwenye simu ya mtu nyumbani, hapo sisi hatuna mamlaka.

Ga-on hakuja shule.

Jumatano, 6 Novemba

Leo karibu sijaongea na mtu yeyote. Duka la mikate nilionyesha kidole tu. Yule mama akacheka: "Mwalimu leo bubu?" Nikatabasamu. Naogopa kufungua mdomo. Kila nitakachosema mtu anaweza kukichukua akakigeuza.

Simu ya namba ngeni ililia. Nikapokea — kimya, mtu anapumua. Nikakata bila kusema haloo. Wanataka sauti yangu zaidi? Hawajatosheka?

Kwenye ngazi wavulana wa mwaka wa tatu waliniona wakaacha kuongea. Nilipokata kona nikasikia kicheko changu. Wamekijua sawasawa. Cha puani.

Mama kapiga kuhusu kabichi za kimchi, achari yetu ya majira ya baridi, anataka niende nimsaidie kuzitia chumvi.

"Mbona unanong'ona, mwanangu? Kuna mgonjwa hapo?"

"Mafua, mama."

"Basi kunywa tangawizi. Na uje! Kabichi hazingoji mafua yako."

Nililia baada ya kukata. Mama hajui kutumia grupu lolote. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama Ga-on amekuja.

Sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa maktaba ya shule, ndiko nilikopelekwa kukaa, nikainua kichwa — huyo mlangoni, na koti la kazini, mikono imepasuka kwa baridi ya ghala. Jina lake Hanh, lakini mjini wote tunamwita Mama Ga-on. Alisimama muda mrefu kabla ya kuketi.

"Mwalimu, kusoma najua," akasema. "Polepole. Lakini najua."

Nikamwambia si mimi. Nikamweleza habari ya mashine. Nilijisikia nikiongea haraka haraka kama mwizi aliyeshikwa. Akanisubiri nimalize. Halafu:

"Shoga yangu wa ghalani kaniambia hayohayo, kwamba siku hizi wanaigiza sauti. Nikataka kuamini. Kweli nilitaka! Ila nimesikiliza mpaka mwisho, Mwalimu. Wewe umefika mwisho?"

Sijafika.

"Mwisho unasema, mama yako alikuja kikao cha wazazi siku isiyo na kikao, kajipamba kama bibi harusi."



Ni kweli ilitokea. Kabla ya likizo ya kiangazi alikosea tarehe, akaja amevaa vizuri, mtandio wa hariri, viatu vya kisigino. Shule tupu. Nilimkuta getini anahema kwa joto. Nikamwingiza ndani, nikampa chai baridi ya shayiri, tukaongea kuhusu Ga-on kana kwamba kikao kilikuwa chetu wawili. Aliniomba nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu! Hata Chae.

"Ile mashine," akasema taratibu, "ilijuaje?"

Akainama kidogo, kwa heshima — hata sasa kwa heshima! — akaondoka. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimejilazimisha kuisikiliza yote. Mara nyingi.

Siku ile ya kikao hewa walikuwa wangapi waliojua? Mimi. Mama Ga-on. Na mtu ambaye mama yake alirudi nyumbani na viatu mkononi, akamsimulia kwa aibu.

Hapana. Haiwezekani. Mtoto hawezi kumfanyia mama yake hivyo.

Jumapili, 10 Novemba

Inawezekana.

Leo siku ya kutoa taka za kuchakata. Nilishuka na chupa zangu, kofia nimeishusha mpaka machoni ili majirani wasinisalimie. Ga-on alikuwa amejibanza nyuma ya mapipa ya makaratasi. Amepauka. Nadhani alikuwa pale muda mrefu, pua imekuwa nyekundu.

"Mwalimu, ni mimi."

"Najua ni wewe, njoo huku kwenye jua—"

"Siyo hivyo. Ni mimi."

Tukabaki tunatazamana. Mzee wa ghorofa ya chini akapita na maboksi, akatusalimu, tukaitikia wote wawili kwa adabu kana kwamba hakuna kitu.

Akasema mambo vipande vipande. Kuna wasichana wa darasani walikuwa wanatengeneza sauti za walimu kwa kuchekesha. Mkuu wa shule anaimba. Bwana Tak anaomba ruhusa ya kwenda haja. Wakamwambia naye atengeneze. Akatengeneza sauti yangu nikisifia chakula cha shule — hakuna aliyecheka. "Wakaniambia, weka kitu cha kweli, kitu cha kuuma. Sikuwa na kitu kingine cha kweli, Mwalimu." Basi akaweka. Wakacheka mpaka wakalala juu ya meza. Siku hiyo walimvutia kiti, akala nao.

"Nilimtumia mmoja tu."

"Mmoja tu," nikarudia. Si ndilo hilo ninalowafundisha kwenye zile video? Hasira ilinipanda hadi masikioni, halafu nikaiona mikono yake, mikavu kama ya mama yake, hasira ikaniisha.

Nikamwambia tutaenda pamoja kumweleza mama. Hapo akanishika mkono wa koti.

"Usimwambie mama. Nitakufa. Mwalimu, nitakufa."

Watoto wanasema neno hilo kutwa nzima. Nakufa na njaa, nakufa na hesabu. Lakini nililisikia tofauti. Nikamuuliza wazi, kama tulivyofundishwa: Ga-on, unafikiria kujidhuru? Akaangalia mapipa. "Sijui."

Sijui! Sijawahi kuogopa neno kama hilo. Sauti yote ile, shule, grupu — vyote vikawa vidogo.

Sikumwacha. Nilitembea naye mpaka kwao, taratibu, nikiongea chochote, kabichi, baridi. Mama yake akafungua mlango. Akaniona mimi nimemshika mwanawe bega.

"Mwalimu, sasa unamfuata mwanangu mpaka nyumbani?"

"Mama Ga-on, tafadhali, leo usimwache peke yake."

"Unanitisha?"

Nilimtazama Ga-on. Aliangalia viatu vyake. Mlango ukafungwa, nikabaki na harufu ya mchuzi wa samaki. Nilisimama kwenye ngazi mpaka nikawasikia wanaongea ndani, kisha nikampigia mshauri wa wanafunzi nyumbani kwake.

Jumatatu, 11 Novemba

Mshauri alienda kwao jana ileile, na leo Ga-on amekuja shule, wamekaa pamoja asubuhi yote. Nilimwambia mshauri kila kitu kuhusu lile neno. Kuhusu nani alitengeneza — nilisema Ga-on atasema mwenyewe akiwa tayari. Mshauri ni mtu mzima, nadhani ameelewa. Hakuniuliza tena.

Leo 11/11, ile siku ambayo wanafunzi hupeana vijiti vya chokoleti. Watoto wanakimbizana koridoni na mapaketi. Mwaka jana meza yangu ilifunikwa. Leo meza safi, ukimtoa Chae aliyeniwekea paketi na kujifanya anatafuta stapla.

"Mdogo wangu, umemjua, sivyo?" akanong'ona. "Uso wako umebadilika."

Nikakana. Siwezi kudanganya, akaona.

"Sikiliza. Mzazi mmoja ameshaenda polisi, unyanyasaji wa mtoto. Keshokutwa ofisi ya elimu wanakuja kukuhoji. Ukiandikwa kwenye faili umeandikwa. Mtaje!"

Bwana Tak naye, baadaye: "Ukinipa jina, jambo hili linaisha kabla ya chakula cha mchana." Sijui kwa nini alitabasamu.

Jina liko kwenye ulimi. Miaka yangu yote ya kazi iko nyuma ya jina moja. Nikilisema, grupu litahama kutoka kwangu kwenda kwa mtoto, na safari hii itakuwa kweli. Nawajua. Wataisikia ile klipu upya, wacheke upya, na mama yake atalisikia jina la mwanawe kutoka kwa jirani wa ghalani. Na lile "sijui".

Na nisiposema?

Sijala.

Jumatano, 13 Novemba

Naandika kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano. Nimekuja mapema mno. Wanafagia madarasa na kubandika namba mezani, kesho ni mtihani wa taifa na shule yetu ni kituo. Vidole baridi. Ndani wapo wawili wa ofisi ya elimu na Bwana Tak. Nawasikia wanasogeza viti.

Mama Ga-on naye ameitwa. Amekaa mwisho mwingine wa benchi, mtandio wa hariri shingoni. Hatujasalimiana.

Sasa ameongea. Bila kunitazama.

"Mtoto hali chakula. Jana aliniomba msamaha. Nikamuuliza wa nini, akajifunika blanketi." Halafu: "Yule mshauri anakaa naye, anatuambia tusubiri. Tusubiri nini? Mwalimu, kuna kitu mnanificha?"

Nimeandika hapa ili nisimjibu. Anaona ninaandika. Mungu wangu.

Nimemwambia: "Mama Ga-on, siku ile getini sikumsimulia mtu. Naapa."

Amegeuka. Ananiangalia usoni, muda mrefu, kama anavyokagua tunda lenye doa. Naona kitu kinaanza kutembea nyuma ya macho yake. Anahesabu ni nani waliojua. Kama nilivyohesabu mimi. Nisingesema! Nimesema nini!

Wameniita mara ya kwanza. Nimesema dakika moja.

Ga-on anapanda ngazi. Peke yake — hapana, mshauri yuko nyuma yake, amesimama chini ya ngazi, amemwacha apande. Amekumbatia kishikwambi kifuani. Mama yake anamwambia rudi darasani, haya ni ya watu wazima. Harudi. Amekuja kuketi katikati yetu. Bega lake limegusana na langu. Nataka kumshika mkono nimzuie, nataka asimame akimbie, nataka amalize. Simshiki.

Mlango umefunguliwa. "Mwalimu Pyo, tunakusubiri." Hakuna kati yetu aliyeinuka.

Ga-on amechomeka waya wa kusikilizia. Kipande kimoja amempa mama yake. Mama anauliza, hii ni nini, mwanangu? Ga-on anasema, ni zile sauti nilizotengeneza mwanzo, mama. Kabla sijaweka—

Mama ameinua nywele, anakiweka sikioni.