Boga la Baba Mkwe

Mlandege, Iringa
Januari

Mama yangu mpenzi,

Ugonile, mama. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni, maana mvua imeleta giza ndani na mafuta ya taa nayabania. Mgongo wako unaendeleaje? Yuko anayekuchotea maji sasa kwa kuwa mimi sipo? Na ile migomba iliyoangushwa na upepo, mliweza kuitegemeza? Sisi huku tu wazima wa mwili. Roho yangu ndiyo inayoumwa. Mpe kaka Ambokile akusomee, ila asisome uani mbele ya watu.

Nitangulize habari njema, zisije zikamezwa na zile nyingine. Mama, nampenda Yeremia. Sikujua kwamba mtu anaweza kupenda hivi na bado akapata pumzi ya kufagia na kuosha vyombo. Kila jioni nasikia mluzi wake tangu akiwa mbali, akitoka karakana, na moyo wangu unafika mlangoni kabla ya miguu. Siku moja nilimsimulia kwamba shuleni, katika somo la upishi, tulikuwa na chuma cha kuokea mikate ya vijumba: mabamba mawili yanayofungana kama kitabu, ndani yana miraba midogo midogo, na mkate ukitoka unafanana na sega la nyuki. Nilisimulia tu, kama mtu anavyosimulia ndoto. Mkesha wa Krismasi Yeremia akaniwekea mapajani kitu kizito kilichofungwa kwa gunia. Alikuwa amekifua mwenyewe kwa vyuma chakavu vya lori, na kila mraba ameuchonga kwa patasi baada ya kazi. Kwenye mpini ameandika T na Y. Nililia hata akadhani kimeniumiza. Wanawake wengine hupewa kanga, mama. Mimi nimepewa chuma, na sikibadilishi kwa kanga za dunia nzima.

Chuma hicho sasa kinaning'inia kwenye msumari, na sithubutu kukitazama.

Baba mkwe, ambaye jina lake siliandiki hata hapa, alikuja kwa lori kutoka Idodi kula Krismasi nasi, pamoja na wifi yangu Eliza. Unajua kwamba hakuweza kufika Rungwe kwenye harusi kwa sababu ya mguu wake, kwa hiyo alikuwa hajaniona hata mara moja. Alileta gunia la maboga ya shambani kwake. Alilibeba mwenyewe begani kutoka barabarani, akakataa kusaidiwa, akisema mtu hamletei mkwe wake zawadi kwa mabega ya kukodi. Niliposikia sauti yake uani, "Kamwene, wenye nyumba," nilitoka kwa mlango wa nyuma mbio na kujibanza kwenye mahindi ya jirani.

Ni wewe uliyenifundisha, mama. Siku ile ya kunifunda ulinishika mashavu ukasema mkwe haonwi uso, mkwe hatajwi jina, njia yake haikatizwi, mpaka wazee wenyewe wakufungulie mwiko huo. Ukaniambia habari za yule shangazi aliyelidharau jambo hilo, na mtoto wake akachelewa kutembea. Mimi nimesoma, nimebatizwa, na ninajua kuandika barua ya Kiingereza. Lakini miguu yangu ilikimbia kabla sijaiuliza.

Yeremia alinifuata kwenye mahindi, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Tusekile, umeona chui?"

"Nimemsikia baba yako."

"Kwetu sisi ni kinyume, mke wangu. Kwetu bibi harusi ndiye anayemnawisha baba mkwe mikono. Asipomnawisha, bado hajaingia nyumbani."

"Siwezi."

Aliona kwamba sitanii, akaacha kucheka. "Basi nitamwambia una haya. Tutakwenda polepole."

Ndivyo Krismasi ilivyopita. Eliza alimnawisha, mimi nikapika na kula jikoni, na nyama ikaisha. Mboga ndizo zilizobaki, kwa kuwa tulipika kama tunaolisha kanisa zima: boga sufuria nzima, viazi, karoti, kabichi. Kesho yake alfajiri Yeremia akaitwa kazini, lori lilikuwa limekwama kwenye matope njia ya Nyololo. Kabla hajaondoka aliniambia, "Mfurahishe mzee. Kikifurahi kinywa, moyo utafuata."

Nikaona njia, mama. Kama siwezi kumwonyesha uso wangu, nitamwonyesha mkono wangu. Kumpa mzee viporo ni aibu, lakini viporo hivyo nikivigeuza kuwa kitu ambacho hajapata kukila, si vitakuwa sikukuu ya pili? Nikaponda boga na viazi pamoja mpaka vikalainika. Nikakamua kabichi maji yote, nikaikatakata, nikaitia na karoti, kitunguu, mayai, maziwa kidogo na unga wa ngano wa kushikiza. Nikakiweka chuma kwenye mkaa, nikakipaka samli. Mkate wa kwanza uligandia nikaukwangua kwa kisu. Wa pili ulipasuka katikati. Wa tatu ulitoka mzima, mama, wa rangi ya dhahabu, kingo zake zikilia kwenye meno na ndani laini, na kila kijumba alichochonga mume wangu kikaonekana. Nilifurahi hata nikaubusu ule mpini, nikaungua mdomo. Nikapanga mikate kwenye sahani yetu ya harusi, nikampa Eliza apeleke pamoja na chai.

Mlango wa jikoni una ufa. Nilisimama nyuma yake.

"Hiki ni nini?" baba mkwe akauliza.

"Mkate, baba. Wifi kaupika."

"Mbona umekanyagwa na tairi?"

Eliza akacheka. "Ndiyo mapishi ya shule hayo."

Akamega kipande, akakinusa. "Hili ni boga langu. La jana."

"Ndilo, baba. Limebadilishwa."

"Sawa. Boga ni langu, tairi ni la mwanangu. Aliyepika yuko wapi? Mwite aje aninawishe, nile chakula chake. Mwambie sina ukali."

Eliza akaja jikoni. "Wifi, anakuita. Chukua birika."

"Mwambie namheshimu."

"Unamheshimu ukiwa nyuma ya mlango? Huko kwenu heshima hujificha kama watoto wachezao kibe?"

"Kwetu ndivyo inavyofanywa, Eliza. Mwambie."

"Nimwambie mzee kwamba mke wa mwanawe hataki kumwona? Mwambie mwenyewe."

Nilichukua birika. Nakuapia, mama, nililichukua. Maji yalikuwa ya vuguvugu, nilikuwa nimeyapima kwa kiwiko kama ya mtoto. Lakini nilipofika kwenye mlango mkono ulikataa kusukuma. Kwenye ufa nikaiona mikono yake. Alikuwa ameinyoosha juu ya beseni, viganja juu, vidole vimepinda kwa jembe, na kidole gumba kimoja hakina ukucha. Aliishikilia hapo akingoja. Mikate ikapoa. Mikono ikamlemea, maana ni mtu mzima, na bado hakuishusha. Mimi nimesimama, hatua moja tu kutoka kwake, birika mkononi.

Mwishowe akaipangusa kwenye koti, mikavu vile vile. Akasema kwa upole, na upole huo ndio unaonikosesha usingizi, "Eliza, twende. Nilidhani nimeleta maboga kwa mkwe wangu. Kumbe nimemletea msomi, na msomi kanirudishia makombo kwa mkono wa mwingine."

Hakugusa tena ule mkate. Eliza alijitwalia mmoja mlangoni, akaniambia chinichini, "Mtamu, wifi. Lakini umetuua." Wakaenda kungoja lori na mvua inanyesha.

Yeremia aliporudi na matope hadi magotini, nilimwambia yote. Hakunigombeza. Aliketi, akala mkate mmoja uliopoa mpaka ukaisha, kisha akasema, "Ni mzuri," na machozi yakamtoka. Akaenda Idodi kumweleza baba yake desturi yetu. Amerudi. Mzee amemsikiliza, akajibu kwamba kila nchi na mwiko wake, ila nyumba ya mwanawe iko nchi hii, na mpaka maji yamguse mikono kutoka kwa mkwe wake hatakula kwetu, wala hatalitaja jina letu katika sala ya nyumbani kwake.

Tangu hapo mume wangu hapigi mluzi. Anarudi jioni kimya kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa, ananishika bega, anauliza habari za kutwa. Usiku namsikia yuko macho, na yeye ananisikia. Nampenda kuliko nilivyompenda siku ya harusi, na namwona akikonda kwa ajili yangu. Najiona mtu aliyepewa bahati yote ya dunia, akaiangusha kwa sababu mikono ilikuwa imefungwa na mama yake. Nisamehe kwa kusema hivyo. Sikulaumu. Ulinifunga kwa upendo.

Na kuna jambo jingine, mama, ambalo Ambokile akifika hapa akunong'oneze sikioni. Nadhani nina mimba. Unaona sasa nilivyobanwa. Nikimtazama mzee, nasikia sauti yako ikisema habari za mtoto asiyetembea. Nisipomtazama, mtoto huyu atazaliwa na babu ambaye hamtaji katika sala. Nimeomba mpaka magoti yamekuwa magumu, na sijajibiwa.

Lori la Idodi linaondoka kesho kutwa, na njia hii ikizidi kunyeshewa hakutakuwa na jingine mpaka matope yakauke. Jibu lako haliwezi kuniwahi, kwa hiyo sikuombi ruhusa. Nakuambia tu, ili usije ukalisikia kwa watu wa Mbeya. Nakwenda. Limebaki boga moja zima katika yale aliyobeba. Nitalipasua mbele yake, nitapika juu ya mkaa wake kwa chuma hiki hiki, na asione makombo safari hii. Kisha nitapiga magoti na birika.

Uso wake sitautazama, mama. Hapo ndipo nitakapoishika amri yako, mpaka unifungulie. Nitatazama mikono tu. Mikono yake nilikwisha iona, na kama kuiona ni kosa, kosa hilo limekwisha tendeka.

Msalimie baba, na kaka Ambokile aliyekusomea na kunyamaza, na bibi anayelala karibu na moto, na yule shangazi, mama wa mtoto. Muulize kwa upole, kama hataudhika: mtoto alichelewa kutembea, lakini alitembea?

Ni mimi mwanao, mke wa Yeremia,
Tusekile