Mama Eufrazia kaja hotelini

Shadia uko wapi? Nimejifungia stoo nalia.

Mama Eufrazia kaja hapa kazini! Mama yetu wa kituo cha yatima Bigwa, aliyetulea mimi na wewe! Kaja kumwomba meneja achukue vijana wengine wa kituo, kama walivyonichukua mimi.

Meneja anajua, ila wenzangu hapa hawajui nimekulia kituoni. Niliwaambia kwetu Mikese, wazazi wapo.

Kaniona mapokezi, akafungua mikono anikumbatie. Mimi nikamwambia, "Karibu mteja."

MTEJA, Shadia! Hata shikamoo sikumpa.

Akawaangalia wenzangu, akaelewa. Akashusha mikono taratibu, akatabasamu kama hanijui. "Asante binti. Unaitwa nani?"

Nikamjibu, "Leokadia."

Jina alinipa yeye, nilipoletwa kituoni kichanga.