Baba Mkwe, Simu Ililia

Baba,

Nakuomba kwanza jambo moja, tena kwa magoti: maneno haya yabaki kwako. Usimwambie mtu yeyote huko uliko, hata wenzako uliopigana nao Burma. Ninaandika kwenye karatasi niliyochana katika daftari langu la zamani la shule, kwa sababu karatasi za ofisi zina namba. Nikimaliza nitaichoma, maana sijui njia nyingine ya kuifikisha.

Shikamoo.

Unaona? Ambakisye alinioa mwaka jana, na hii ndiyo shikamoo yangu ya kwanza kwako. Nimeiandika, nikaweka kalamu chini, nikaangalia mlangoni kana kwamba Shangazi Tupokigwe atatokea. Ni Jumapili, watu wako kanisani, mvua inanyesha juu ya Mbeya yote. Hakuna wa kutokea.

Dada yako huyo alinifundisha kwa siku mbili nzima, nikiwa nimekaa kwenye mkeka. Aliniambia, "Nyie Wahehe huko Ipogolo mnasalimiana na wakwe kama watu wa soko moja. Hapa sivyo. Ukimwona baba mkwe njiani, unaingia majanini. Ukimsikia anakuja, unajifunika kanga. Jina lake hulitaji, hata akifa." Nikamuuliza, na sauti je? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. "Sauti ni mtu, mwanangu."

Mimi, Baba, nilisomeshwa na masista Tosamaganga. Kila kitu nakifanya kana kwamba nitasahihishiwa kwa wino mwekundu. Niliogopa kuitwa mkwe asiye na adabu, mke aliyetoka mbali ambaye hajui kitu. Kwa hiyo niliushika mwiko ule kuliko wasichana wa kwenu waliozaliwa nao. Nadhani uliliona hilo. Kila ulipokaribia kona ya nyumba yako ulikohoa kwa nguvu, mara mbili, ili nipate nafasi ya kuondoka. Na siku ile stendi, mvua ilipotukuta, ulisimama mbali ukanipa mgongo, ukauacha mwavuli wako juu ya jiwe, ukaondoka ukilowa. Nilisubiri mpaka ukapotea ndipo nikauchukua. Sikuwahi kukushukuru. Ahsante, Baba. Mwavuli ninao.

Sasa nikueleze lile jambo, kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa kuandika taarifa.

Unaijua kazi yangu: kukaa mbele ya simu ya kuzungusha mkono na kupokea taarifa za ndege kutoka vituo vya milimani. Wewe ulikuwa Kituo cha Tatu, kule ukingoni mwa milima ya Mporoto, unakoona tambarare ya Usangu yote na reli ikipita chini. Mlinzi anasema alichoona, karani anakirudia neno kwa neno, mlinzi anasema "sawa." Isiporudiwa, si taarifa. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa ukutani.

Simu zako zilipokelewa na Mzee Hosea, karani mwenzangu. Ulipopiga alinipigia kelele, "Skola, kimbia, mkweo huyo!" Nami nilikwenda dirishani, nikaandika kutoka kinywani mwake. Alipenda kunitania. "Siku nikiumwa tumbo, nchi itavamiwa kwa sababu ya kanga yako." Tulicheka wote, Baba. Mimi pia nilicheka.

Kabla Ambakisye hajapelekwa Kagera na lori lake la jeshi, aliniletea neno kutoka kwako. "Baba anasema kwenye simu hakuna mkwe, kuna karani. Asione haya." Nilimpelekea Shangazi neno hilo. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Kaka yangu wazungu walimharibu huko jeshini. Wewe shika nilichokufundisha." Nikashika alichonifundisha. Nikamwacha aliyenipa ruhusa, nikamfuata aliyeninyima.

Wakati huo huo, rada ililetwa. Wote walianza kuiita mashine, kana kwamba hakuna mashine nyingine duniani. Fundi wake, kijana mpole aliyesoma nje, alinieleza jinsi inavyofanya kazi: inapiga kelele isiyosikika, kisha inasubiri mwangwi urudi. Mwangwi ukirudi, kuna ndege. Nikamuuliza, usiporudi? Akasema ndicho wenzetu wa nchi kubwa wanachokitafuta sasa kwa siri. Amesoma kwenye majarida yao habari chache tu, za kubahatisha: ndege za umbo la ajabu ili mawimbi yateleze pembeni, rangi inayoyameza mawimbi kama mchanga unavyomeza maji. Ndege itapita juu ya kichwa chako na mashine itasema anga ni tupu. "Na wasio na ndege hizo," akasema, "wanapita chini kabisa, nyuma ya milima. Mashine yetu haioni nyuma ya mlima. Ndiyo maana wazee wa vituo wasiondolewe."

Hosea alikusimulia hayo kwenye simu. Nakumbuka alivyorudia jibu lako kwa sauti huku akinicheka: "Isionekane, sawa. Lakini si itanguruma? Mwambie fundi Burma tulizijua kwa masikio kabla ya macho." Nililiandika pembeni mwa daftari, kisha nikalifuta, kwa kuwa halikuwa taarifa.

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu. Saa tatu na dakika kumi simu ililia. Hosea alikuwa amekwenda kantini kunywa chai, jambo lisiloruhusiwa, lakini alikuwa akifanya hivyo kila siku. Nikanyanyua mkonga.

"Halo, Kituo cha Tatu hapa. Ndege moja, iko chini sana, haina alama, inafuata reli kwenda mashariki. Rudia."

Ilikuwa sauti yako. Midomo yangu ikafunga. Baba, naapa sikuifunga mimi. Ilifunga yenyewe.

"Halo? Rudia, karani. Ndege moja. Halo!"

Na nyuma ya sauti yako niliisikia. Mngurumo mzito uliokuja, ukajaa kwenye mkonga mpaka nikauondoa sikioni, ukapungua. Mimi nimeisikia ile ndege. Hakuna mwingine Mbeya nzima, katika ofisi nzima, aliyeisikia. Fundi ananiambia mpaka leo kwamba asubuhi ile kioo cha mashine kilikuwa kitupu kama sahani iliyooshwa.

Niliuweka mkonga mezani, nikakimbia kantini. Ni hatua sitini hivi. Hosea aliacha kikombe, tukarudi mbio. Nilipokuwa nimefika mlangoni nilikusikia kwa mbali, kwenye mkonga uliolala pale mezani, ukisema peke yako, si kwa hasira, kama mtu aliyezoea: "Waya umekatika tena." Halafu ukakata.

Hosea alizungusha mkono wa simu, akazungusha. Ulikuwa umeshatoka.

Ulifanya kama sheria inavyosema. Simu ikifa, mlinzi ateremke mpaka simu iliyo karibu, yaani stesheni ya reli. Wangekuwa wengine wangekaa, wangesema ukungu ni mwingi. Wewe ulipita njia ya mkato ya korongoni ili ndege isikutangulie mbali. Wachunga mbuzi wa Kisafwa walikukuta saa nane mchana chini ya mawe, ulikoangukia, umeshakata roho. Kalamu ilikuwa bado mfukoni, na karatasi uliyokuwa umeandikia saa, upande na idadi. Karatasi hiyo imeloa. Mkuu wa zamu anasema haisomeki.

Waya haukukatika, Baba. Ulikuwa mzima. Ulipaza sauti kwa mtu aliyekaa akiisikia, na mwangwi haukurudi.

Ninachoogopa zaidi kukuambia ni hiki kinachofuata.

Mkuu wa zamu alipotuita, Hosea alinishika mkono kwenye korido. "Simu haikulia. Umesikia, binti? Wewe hukunyanyua, mimi sikwenda kantini. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu." Mkuu akaniuliza mimi, kwa kuwa daftari lilikuwa langu. "Ndugu Karani, Kituo cha Tatu kilipiga?" Nikasema, "Hapana, Ndugu." Maneno mawili. Ulimi uliokuwa mzito kwako ukawa mwepesi kwake.

Siku tatu baadaye mfugaji mmoja alipanda kutoka Usangu, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe zao kutoka kaskazini. Alisimama kaunta na fimbo yake, akaeleza kwamba kitu cheusi kilipita chini juu ya mifugo, hakina namba, ng'ombe wakatawanyika mpaka mtoni. Mkuu akamwambia, "Mashine haikuona, macho yako yameona?" Yule akajibu, "Mzee, mashine yenu inachunga ng'ombe?" Makarani walicheka. Akaondolewa. Maelezo yake hayakuandikwa popote.

Kwa hiyo jalada lako sasa linasema hivi, nimelichapa mimi mwenyewe kwa vidole vyangu: mlinzi wa Kituo cha Tatu aliacha kituo bila kutoa taarifa, hakukuwa na ndege, yawezekana alikuwa amelewa. Amelewa! Wewe Mmoraviani usiyeonja hata togwa iliyolala. Na kwa sababu ya sentensi hiyo vituo vya milimani vinafungwa kimoja kimoja. Cha Kwanza kimeshafungwa. Ile ndege ikirudi, itapita juu ya reli kama upepo, na hakutakuwa na mtu wa kuinua kichwa.

Kwenye msiba wako nilikaa pembeni nimejifunika mpaka machoni, nyuma ya wanawake wote, kama inavyotakiwa. Akina mama wakaninyooshea vidole kwa sifa. "Mhehe huyu, lakini tazama alivyo na adabu kwa mkwe wake. Hata sasa hakaribii." Shangazi alinipigapiga mgongoni kwa fahari. Nilitamani mmoja wao anitemee mate.

Mama mkwe amekonda. Hamalizi chakula. Amekuwa akiwauliza watu waliokuosha kama walisikia harufu ya pombe, na wao wanamwapia kwamba hapana, na kesho yake anawauliza tena. Jiko lako la kituoni limerudishwa nyumbani, viazi ulivyopanda kule juu vimeliwa na nungunungu.

Wiki iliyopita ilikuja barua ya Ambakisye kutoka Kagera. Habari ilimfikia kwa mtu wa kwao, si kwangu, maana mimi nilimwandikia tu kwamba ulianguka. Ameandika mistari minne. Wa tatu unasema: "Niambie wewe uliyekuwepo ofisini, je, ni kweli baba alikuwa amelewa?" Mume wangu yuko vitani anasubiri jibu la swali hilo, na jibu liko kwangu.

Kesho Jumatatu wakubwa wanakuja kutoka Dar es Salaam kufunga jalada. Nimekaa na karatasi mbili tangu asubuhi, hii yako na ile yao. Ile yao nimeimaliza. Nimeandika saa tatu na dakika kumi. Nimeandika ndege moja, chini, bila alama, inafuata reli kwenda mashariki. Nimeandika kwamba nilisikia mngurumo wake kwa sikio langu la kulia. Nimeandika kwamba sikurudia, na sababu yake. Sababu hiyo ilinichukua muda mrefu. Nikiisoma inaonekana kama utani, na watu wa Dar watacheka kabla ya kukasirika.

Halafu pale juu palikuwa na nafasi: jina la mlinzi. Katika daftari la ofisi siku zote niliandika Kituo cha Tatu. Kwenye maelezo hawakubali kituo, wanataka mtu. Nilikaa. Nikaandika Andendekisye. Sikupofuka. Paa halikuanguka. Nikaandika na jina la baba yako, herufi zimenyooka, na sasa najua jinsi jina lako lilivyo zuri kuandika.

Jana jioni nilipita kwa Hosea kumwambia, kwa sababu nisingeweza kumfanyia hivyo kwa nyuma. Hakunitukana. Alisema tu, "Wewe bado mdogo, utapona. Mimi je?" Namhurumia kweli. Mkewe alinipa chai na nikainywa.

Naogopa, Baba. Sheria ya siri nilisaini, na sheria ya kusema uongo kwa mkuu wakati wa vita sijui hata ikoje. Naogopa Shangazi kuliko hao. Naogopa Ambakisye atakaporudi na kunitazama.

Lakini nakuahidi: saa mbili asubuhi nitaikabidhi kwa mkono wangu, si kwa mkono wa tarishi. Wakiichana, nitaandika nyingine. Wakiniambia simu haikulia, nitasema ililia. Jibu la Ambakisye nitalipeleka posta kabla sijaingia ofisini, ili lisafiri hata kama mimi sitatoka.

Lala salama, Baba. Nisamehe ukiweza, usipoweza, nitaelewa.

Ukitaka kunipata, kama wataniachia nitakuwa Ipogolo kwa mama, nyumba iliyo chini ya barabara kuu, pale malori yanapoanza kuvuta pumzi kupanda Iringa mjini. Mlango wake unatazama mto. Kama hawataniachia, sijui wataniweka wapi. Muulize fundi wa mashine, yeye ataulizia. Njoo wakati wowote. Wakikuuliza unamtafuta nani, usiseme mkwe wako. Sema unamtafuta Skolastika, aliyeandika kwamba ulipiga.